Ithibati ya Programu Zilizoundwa kwa Zana za Zamani: Hali Iliyoonekana Ngara na Biharamulo

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa hapa Unguja mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa katika ukurasa huu wa matangazo ili ofisi zote za Unguja na Pemba ziyasome kabla ya kubadilisha kompyuta zao.)



Nimetakiwa nieleze jambo ambalo kwa sura ya kwanza ni la mafundi peke yao, lakini ambalo mwananchi hulikuta dirishani pale anapoambiwa kwamba jina lake halimo katika kompyuta, hali yeye mwenyewe anakumbuka siku alipoandikishwa. Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo wa uendeshaji uitwao Windows 10. Ofisi nyingi zimelazimika kuhamia Windows 11, na ofisi hizo zina programu zilizoundwa miaka 20 au 30 iliyopita, kwa zana ambazo waundaji wake hawazitengenezi tena: Turbo Pascal, FoxPro ya DOS, Visual Basic 6. Swali nililopewa ni hili: je, programu za namna hiyo zaweza kupata ithibati ya mfumo mpya, na je, ipo faida ya kuihangaikia?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Ithibati ninayoisema ni uthibitisho kwamba programu imepimwa kwa masharti yaliyowekwa na mwenye mfumo wa uendeshaji, na kwamba inakaa na mfumo huo kwa adabu. Mwaka 1995, Windows 95 ilipotoka, mwenye programu aliyetaka kuweka nembo ya mfumo huo juu ya kasha lake alitakiwa kuipeleka kwenye maabara ya upimaji, mashuhuri ikiwa ni VeriTest ya Marekani, na kulipia. Programu ilitakiwa iwe ya biti 32, ikubali majina marefu ya faili, na iweze kuondolewa katika kompyuta bila kuacha uchafu nyuma yake. Kwa Windows Vista ya mwaka 2007 masharti yalizidi. Kwa Windows 7 ya mwaka 2009 mambo yalirahisishwa: mwenye programu aliipima mwenyewe kwa chombo alichopewa bure, akapeleka taarifa ya matokeo, ila alitakiwa awe na hati ya kidijitali inayomtambulisha. Katika masharti yote hayo zana iliyotumika kuiunda programu haikuulizwa umri wake. Kilichoulizwa ni mwenendo wa programu yenyewe ndani ya kompyuta. Naomba jambo hili lishikwe, kwa sababu wako wauzaji wanaokuja maofisini na kusema kwamba programu ya Visual Basic 6 haiwezi kupita, nia yao ikiwa kuuza nyingine.

Mtaniwia radhi nikiwachukua sasa hadi bara, mpaka wilaya za Ngara na Biharamulo katika Mkoa wa Kagera. Ninazichagua kwa kuwa nilipata kufanya kazi huko, na kwa kuwa kompyuta zilifika huko katika mazingira ambayo wilaya nyingine za pembezoni hazikuyapata. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa kama siku moja, watu wanaokadiriwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja, na baadaye zikaongezeka nyingine, kama vile Lumasi na Lukole. Mashirika ya misaada yalikuja na jenereta, na pamoja na jenereta zikaja kompyuta za kuorodhesha watu, chakula na magonjwa. Kambi zilipofungwa, ya Lukole ikiwa miongoni mwa za mwisho mwaka 2008, baadhi ya mashine zilibaki wilayani, na tabia ya kuweka madaftari ndani ya kompyuta ilibaki pia. Umeme wa miji ya Ngara na Biharamulo kwa miaka mingi ulikuwa wa mitambo ya dizeli. Kwa hiyo mashine ilidumishwa muda mrefu kuliko mahali pengine, maana hakuna aliyetaka kugusa kitu kinachofanya kazi.

Programu za kizazi cha kwanza zilikuwa za DOS. Iliyotumika sana duniani kwa takwimu za magonjwa ilikuwa Epi Info ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani. Toleo la 6 lilitoka mwaka 1994, nalo liliandikwa kwa Turbo Pascal. Ilikuwa programu njema, ya bure, iliyotosha katika disketi chache. Lakini zana ya Turbo Pascal ilikuwa na kilema ambacho hakikuonekana hadi kompyuta zilipopata kasi. Sehemu yake ya kushughulikia kioo na kibodi, kila programu ilipoanza, ilipima kasi ya mashine kwa kuhesabu mizunguko kati ya mapigo mawili ya saa ya ndani, kisha ikagawa hesabu hiyo kwa 55. Mashine zilipofikia kasi ya kama megahezi 200, jibu la mgawanyo huo lilizidi nafasi lililotengewa, na programu nyingi zilizoitumia sehemu hiyo zikafa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, zikiacha maneno ya Kiingereza na namba 200. Walioletewa kompyuta mpya walidhani kompyuta ndiyo mbovu.

Kilema hicho kilipatiwa dawa. Ukomo ulio mbele ya kizazi hicho chote hauna dawa: Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu ya biti 16. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32 ambalo bado liliweza kuziendesha. Windows 11 haina toleo hilo. Basi kwa programu za DOS suala la ithibati limefungwa. Yupo anayeweza kuziendesha ndani ya programu ya kuigiza kompyuta ya kale, kama DOSBox, ambayo haiuzwi, nami naikubali njia hiyo kwa kazi moja tu, yaani kufungua daftari la zamani na kulitoa kumbukumbu zake. Kuandikisha watu wapya humo si jambo la kuruhusiwa.

Kizazi cha pili ndicho kilichojaa maofisini, na ndicho chenye matumaini. Hizi ni programu za Visual Basic 6, zana iliyotoka mwaka 1998, ambazo kwa kawaida huweka kumbukumbu zake katika faili la Access. Zana yenyewe iliachwa bila huduma tangu Aprili 2008. Lakini maktaba zinazoendesha programu zilizokwisha kuundwa kwa zana hiyo ziliendelea kutolewa pamoja na Windows, na hata Windows 11 inazo. Ndiyo maana programu hizi hufunguka katika kompyuta mpya bila ugomvi, na mwenye ofisi huona kuwa kazi imekwisha.

Haijaisha. Katika ofisi moja ya wilaya huko, ambayo sitaitaja, palikuwa na programu ya aina hii ya kutunza daftari la dawa za zahanati. Karani wa kwanza aliingiza dawa zilizopokelewa, na karani wa pili, kwa kompyuta ile ile lakini kwa jina lake na neno lake la siri, aliingiza zilizotolewa. Miaka mingi waliifanya kazi hiyo katika Windows XP bila tatizo. Ikaja kompyuta ya Windows 7. Programu ikawekwa, ikafunguka, ikapokea maandishi. Baada ya miezi michache ikaonekana kwamba kila karani ana hesabu yake. Wa kwanza akifungua anaona dawa tele zilizoingia na hakuna iliyotoka. Wa pili anaona zimetoka dawa ambazo hazikuingia kamwe. Stoo haikulingana na yeyote kati yao. Karani wa pili, mama mmoja aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, alipewa barua ya kutakiwa kujieleza. Mkaguzi alipokuja akaingia kwa jina la msimamizi wa mashine, naye akaliona daftari la tatu, ambalo lilisimama pale pale lilipokuwa siku programu ilipowekwa. Akaandika kwamba kumbukumbu zimefutwa.

Hakuna aliyefuta kitu. Katika Windows Vista na zilizofuata, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika ndani ya folda ya programu zilizowekwa. Programu ya zamani haijui sheria hiyo, kwani iliundwa iweke faili la kumbukumbu papo hapo ilipo. Ili isife, mfumo huifanyia hila: hulinakili lile faili na kuliweka katika folda iliyofichika ya mtumiaji huyo, iitwayo VirtualStore, na tangu hapo programu humwonyesha kila mtu nakala yake huku akiamini kuwa anasoma daftari la ofisi. Programu haitoi onyo lolote. Mama yule aliondolewa lawama baada ya fundi kuzipata zile nakala, mojamoja, katika folda za majina yao. Naona ni haki kusema kwamba angeweza kustaafu na doa hilo kama fundi yule hangekuwa na subira.

Sasa mtaona kwa nini naisifu ithibati. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba programu ibebe manifesti, yaani maandishi mafupi yanayojulisha mfumo kuwa programu hii inafahamu sheria za ruhusa na inaomba ruhusa za kiwango gani. Visual Basic 6 haitii manifesti hiyo yenyewe. Lazima fundi aipachike. Mara inapopachikwa, mfumo huacha ile hila ya nakala zilizofichwa. Programu ikijaribu kuandika pasiporuhusiwa inakataliwa waziwazi, na kosa linaonekana siku ya kwanza, mbele ya fundi, badala ya kuonekana mwezi wa sita mbele ya mkaguzi. Hapo fundi analazimika kufanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo, yaani kulitoa daftari katika folda ya programu na kulipeleka mahali pa pamoja, kama folda ya ProgramData, na kutoa ruhusa kwa watumiaji wote wanaohusika. Asisahau hizo ruhusa. Faili lililoundwa na mtumiaji mmoja katika folda hiyo kwa kawaida halimkubali mwingine aliandike.

Tahadhari moja hapa ni kubwa kuliko nyingine zote, nami naomba wakuu wa ofisi waisikilize hata kama mengine yamewachosha. Kabla ya kupachika manifesti, zitafutwe nakala zote za VirtualStore katika kila jina la mtumiaji, zihifadhiwe, na zilinganishwe na daftari la asili. Fundi akiipachika manifesti kwa haraka, programu itarudi kusoma lile faili la asili, na kazi ya miezi yote iliyomo katika nakala zilizofichwa itaonekana kama imetoweka. Imo ndani ya mashine bado, lakini mashine ikifutwa ili impelekee mtumishi mwingine, imekwenda. Kuunganisha nakala mbili ambazo kila moja imeendelea kivyake ni kazi ya mikono na ya makaratasi, maana namba za mfululizo zitagongana: maandishi namba 412 ya karani huyu si namba 412 ya yule. Hati za mapokezi ndizo zitakazoamua.

Masharti mengine nitayapitia kwa haraka. Programu itiwe saini ya kidijitali ili ijulikane imetoka kwa nani na kwamba haikuguswa njiani. Saini hiyo ipigwe pamoja na muhuri wa saa, kwa sababu bila muhuri huo saini hufa siku hati yake inapokwisha muda. Tangu Juni 2023 ufunguo wa hati za kutia saini programu hutakiwa kutunzwa ndani ya kifaa maalumu, jambo linaloongeza gharama kidogo lakini linaondoa desturi mbaya ya kuuacha ufunguo katika kompyuta ya kila mtu. Programu ijiweke na ijiondoe yenyewe kwa utaratibu. Na jina la faili nalo lina mambo yake: Windows huidhania programu ya zamani isiyo na manifesti, yenye neno "setup", "install" au "update" katika jina lake, kuwa ni ya kuweka programu nyingine, ikadai neno la siri la msimamizi. Niliwahi kuona programu ya kila mwezi ya kujumlisha taarifa ikiitwa UPDATE, na karani asingeweza kuifungua mpaka bwana wa mashine arudi kutoka safari. Manifesti ilitosha kuiponya.

Zipo pia zile sehemu ndogo ambazo programu za Visual Basic huziazima, za kuonyesha majedwali na orodha. Aprili 2012 Microsoft ilitoa marekebisho ya usalama ya sehemu moja inayotumika sana, MSCOMCTL.OCX, na baadhi ya programu zilizokuwa nzima Jumatatu zikashindwa kufunguka baada ya marekebisho. Waliokuwa na orodha ya sehemu zote programu yao inazotegemea walitengeneza mara moja. Kuitayarisha orodha hiyo ni sehemu ya maandalizi ya ithibati, nayo inastahili kuwekwa katika jalada la ofisi, kwenye karatasi.

Ndugu Mwenyekiti, nisiisifu ithibati kupita kiasi. Wapimaji hawatazami kama hesabu ya programu ni sahihi, wala hawajui mipaka ya wilaya zetu. Biharamulo ni mfano mzuri. Sensa ya mwaka 2002 iliihesabu wilaya hiyo kuwa na watu 410,794, na ya mwaka 2012 ikaihesabu 323,486. Si kwamba watu walipotea. Katikati yake Chato ilimegwa ikawa wilaya, na mwaka 2012 ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Programu iliyoundwa kabla ya hapo, ambayo orodha ya kata imeandikwa ndani ya programu yenyewe, itaendelea kuzihesabu kata za Chato chini ya Biharamulo. Itapita vipimo vyote vya Microsoft ikiwa na kosa hilo, na kutiwa saini juu yake. Kwetu hapa shehia nazo hugawanywa na kuongezwa. Wanaotunza madaftari ya Masheha wanalijua hilo.

Kosa la kata halirekebishiki bila maandishi ya asili ya programu, yaani yale aliyoyaandika mtengenezaji kabla ya kuigeuza kuwa lugha ya mashine. Kwa uzoefu wangu hapa ndipo programu nyingi za zamani zinapokwama, wala si kwenye umri wa zana. Manifesti yaweza kupachikwa bila maandishi ya asili. Saini yaweza kutiwa bila hayo. Lakini mahali pa kuweka daftari, na orodha ya kata, vimefungwa humo. Katika wilaya zile mbili nilikuta programu ambazo mtengenezaji wake alikwisha kuondoka nchini, na mkataba haukusema maandishi ni mali ya nani. Kwa programu za namna hiyo upo ufumbuzi wa muda: kuiweka programu nzima nje ya folda inayolindwa, katika folda ya kawaida yenye ruhusa kwa wote, ambapo ile hila ya VirtualStore haifanyiki. Kufanya hivyo ni kuvunja sharti mojawapo la ithibati, na nembo haitapatikana. Mimi naona ni afadhali daftari moja lisilo na nembo kuliko madaftari matatu yenye nembo; hata hivyo ofisi ianze siku hiyo hiyo kuandaa programu nyingine.

Kwa upande wa sheria, bara ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria Namba 10 ya mwaka 2019, na hapa tunayo Mamlaka yetu ya Serikali Mtandao Zanzibar. Ofisi inayotaka kuunda, kununua au kubadilisha mfumo ipeleke shauri lake huko kwanza. Pamoja na shauri hilo napendekeza yaambatanishwe majibu ya maswali haya: programu iliundwa kwa zana gani na mwaka gani, ni ya biti ngapi, maandishi ya asili yako kabati gani na ufunguo anao nani, na faili la kumbukumbu limo folda gani. Swali la mwisho lijibiwe kwa kuangalia katika mashine, kwa jina la kila mtumiaji, na si kwa kumbukumbu ya fundi.

Na kwa wananchi: mtu akiambiwa kwamba jina lake halimo, ana haki ya kuomba liangaliwe tena na mtumishi mwingine, kwa jina la mtumishi huyo, katika mashine ile ile. Aje na stakabadhi yake. Jina likionekana kwa mmoja na lisionekane kwa mwingine, mkuu wa ofisi aizuie mashine hiyo isiandikwe kitu tena mpaka fundi afike.